Ringi ya kufungia koni ya mashine ya ufuta: ipi inashika bila kuhamisha kipimo?

Fundi_Mtama (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Msimu wa ufuta ukifika, wenye mashine ndogo za kukamua kuanzia hapa Mtama, Nyangao mpaka Ndanda huwa wananiita kwa ugonjwa mmoja. Asubuhi mashudu yanatoka membamba na makavu, ukiyakunja yanakatika. Ikifika mchana yameanza kunenepa, ukiyafinya kidole kinabaki na mafuta. Mwenye mashine analaumu mbegu, analaumu umeme, wengine wanakimbilia kununua mkanda mpya. Ukienda kuangalia mlango wa mashudu unakuta koni, kile chuma kinachobana mlango na kupima unene wa mashudu, imerudi nyuma. Na kilichoiachia ni ringi yake ya kufungia, kile kipande ambacho watu wanakinunua dukani bila hata kukigeuza mkononi.

Ufuta karibu nusu ya uzito wake ni mafuta. Mtu aliyelima Ruangwa au Nachingwea kwa jembe la mkono, akapalilia, akapepeta, halafu mafuta yake yanaondoka ndani ya mashudu kwa sababu ya ringi, mimi inaniuma. Ndiyo maana nimeona tuijadili ringi peke yake.

Nazungumzia mashine ambazo koni yake ina shingo ya thredi (mistari ya skrubu) inayoingia kwenye fremu. Ukiizungusha ndani, mlango unabanwa na mashudu yanakuwa membamba. Ukiizungusha nje, unafunguka. Ringi inakaa kwenye hiyo shingo, nje ya fremu, inakazwa mpaka ikutane na uso wa fremu.

Hesabu kwanza, maana bila hesabu tutabishana hadi kesho. Shingo ya M30 (kipenyo cha milimita 30) yenye thredi ya kawaida inasogea milimita 3.5 kwa mzunguko mmoja mzima. Koni ikizunguka kidogo tu, kama mshale wa saa kutoka kumi na mbili kwenda moja, imesogea karibu milimita 0.3. Kama mashudu yako yalikuwa ya milimita 1.5, unaweza kuwa umeongeza hadi sehemu ya tano ya unene na kwa jicho huoni chochote kilichohama. Shingo hiyohiyo ingekuwa na thredi laini ya milimita 1.5 kwa mzunguko, koni ingesogea milimita 0.125 tu. Kwa hiyo kabla ya kuulizana ringi gani, mjue mashine yenu ina thredi gani.

Ringi ninazokutana nazo huku ni hizi.

Ipo ya skrubu ya ubavuni. Ni duara zima, ubavuni ina tundu lenye skrubu ndogo ya alenki (yenye tundu la pembe sita) inayokandamiza shingo. Ndiyo inayouzwa sana na ndiyo siipendi. Ncha ya skrubu inakaa juu ya migongo ya thredi na kuiponda. Ukifika wakati wa kurekebisha, ringi haitaki kupita pale palipopondwa, unalazimisha kwa spana, thredi ya shingo inakatika. Halafu skrubu ya upande mmoja inaisukuma ringi iegemee upande wa pili, uso wake haukai sawasawa kwenye fremu. Kama ndiyo uliyonayo na huna namna, kata kipande kifupi cha waya wa shaba wa umeme, kidumbukize kwenye tundu kabla ya skrubu. Shaba itapondeka badala ya chuma, itajaa kwenye mabonde ya thredi na itashika vizuri kuliko ncha tupu.

Ipo iliyopasuliwa, yenye bolti moja inayovuta midomo miwili ikutane. Hii inakumbatia shingo pande zote. Haipondi thredi, haiegemei upande. Ukishaikaza, ringi na koni zinakuwa kitu kimoja: unaweza kuifungua koni kwa ajili ya usafi, ukairudisha hadi ringi iguse fremu, ukawa umerudi kwenye kipimo chako kilekile. Kwangu mimi hii ndiyo ringi ya kununua au kuchongesha, na nitaeleza zaidi watu wakiuliza.

Na ipo nati ya kawaida tu, moja, iliyokazwa kwa nguvu. Nguvu siyo kufuli.

Karibuni.

MzeeSpana_Masasi

Fundi, salaam. Nakubaliana na wewe kwenye skrubu ya ubavuni, lakini nati umeipita haraka. Nati mbili zinashika, tena zinashika sana, ila vijana wanaziweka kinyume. Nyembamba inakaa chini, inayogusa fremu. Nene inakaa juu. Unakaza nyembamba kwanza kwa wastani, halafu unaishikilia kwa spana isizunguke huku unaikaza nene juu yake. Hapo nene ndiyo inayobeba mzigo na nyembamba inabaki imebanwa katikati. Ukienda kwenye mashine nyingi unakuta nene chini, kijembamba juu, eti ndicho kifuli.

Nimefunga crasha za kokoto hivyo na hazilegei.

Fundi_Mtama

Mzee wangu, hapo sina ubishi, mpangilio ni huo huo. Tatizo langu na nati mbili kwenye hizi mashine ni nafasi. Shingo ni fupi. Nati nene ya M30 ni karibu milimita 24, ukiongeza nyembamba ya milimita 15 unakaribia milimita 40, na mashine nyingi hazina shingo ya kubaki nje hivyo. Mtu anaishia kuweka nati inayoshika thredi mbili tatu. Pia kila ukirekebisha unalegeza mbili, unakaza mbili. Mama anayekamua peke yake hana mikono minne.

DadaNachingwea

Habari zenu kaka zangu. Sisi ni kikundi cha akina mama, mashine yetu tuliipata ikiwa imetumika. Dukani tumeshauriwa tununue nati yenye duara la plastiki ndani, wakasema ile ndiyo hailegei kabisa. Tumeifunga, siku za mwanzo ilishika, sasa hivi naizungusha kwa vidole. Tumepewa feki?

Fundi_Mtama

Dada, si lazima iwe feki. Ile plastiki ni nailoni, na nati za aina hiyo kikomo chake ni kama nyuzi joto 120. Mlango wa mashudu ni sehemu ya moto kuliko zote kwenye mashine, msuguano wote unaishia pale. Weka kiganja karibu, utakubaliana nami. Nailoni ikikaa kwenye joto la namna ile muda mrefu inalainika, inapoteza mbano. Na hata bila joto, kila unapoifungua na kuifunga thredi inazidi kuipanua. Ni nati nzuri kwa kitu unachofunga ukaacha, kwa mfano gadi ya mkanda. Kwenye koni inayorekebishwa kila gunia likibadilika haina maisha.

Kijana_Kerezo

Shikamooni. Na washa ya springi je? Chuoni tulifundishwa unaiweka chini ya nati ili isilegee.

MzeeSpana_Masasi

Marahaba. Springi washa mimi niliacha kuziamini zamani. Ukikaza nati sawasawa inalala bapa, inakuwa washa ya kawaida.

Fundi_Mtama

Marahaba kijana. Mzee kasema kweli, na lina utafiti nyuma yake. Mwaka 1969 mhandisi wa Kijerumani, Gerhard Junker, alionyesha kwamba kinacholegeza bolti hasa ni vile vitu viwili vilivyofungwa kuchezacheza kwa ubavu, kushoto kulia. Uso ukiteleza kwa ubavu, msuguano unaoishikilia nati unapotea kwa muda mfupi na nati inajizungusha yenyewe taratibu. Mashine ya kujaribia aliyoianzisha inatumika mpaka leo, na springi washa za kawaida zikiwekwa humo hazifanyi vizuri.

Sasa angalia koni yetu. Parafujo kuu ikiwa imechoka au beringi ina mchezo, koni inapigwa kwa ubavu kila mzunguko. Ndiyo maana nasema hata ringi bora kuliko zote haitatibu beringi iliyokufa. Shika mhimili, uutikise. Ukicheza, anza na beringi.

Pwani_Kilwa

Fundi, ongeza na suala la kutu. Sisi tulio baharini ringi za alumini zinatutesa. Zinapendeza, nyepesi, lakini baada ya masika unakuta unga mweupe kati ya ringi na shingo ya chuma, na ringi haitoki tena. Nimeishia kuikata kwa msumeno.

Fundi_Mtama

Mkuu umegusa jambo muhimu. Alumini na chuma vikigusana penye unyevu wa chumvi, alumini ndiyo inayoliwa. Bara huku si sana, lakini Kilwa, Lindi Mjini, Mikindani, chagueni ringi ya chuma na mpake grisi nyembamba inayoruhusiwa kwenye mashine za chakula. Shaba nyeupe nayo ni nzuri ukiipata, haing'ang'ani kwenye chuma. Chuma kisichoshika kutu kwenye shingo isiyoshika kutu, kuweni macho, vinapenda kuumana wakati wa kukaza mpaka visifunguke. Lazima grisi.

Mpenda_Vyuma

Mjadala mzuri. Mimi nafuatilia sana mambo ya vyuma na niliwahi kusoma habari za walenga shabaha wa Marekani wanaojaza upya maganda ya risasi nyumbani kwao. Wana vyuma vya kuundia ganda vinavyofungwa kwenye kinu cha mkono, na kila chuma kina ringi yake ya kufungia. Mabishano yao ni haya haya: skrubu ya ubavuni inapondaponda thredi, ringi iliyopasuliwa inatunza kipimo, nyingine ina duara la mpira chini yake ili chuma kijitafutie katikati. Wao wanatumia hata punje ya risasi ya gobore chini ya skrubu kulinda thredi, sawa na waya wako wa shaba. Je, hizo ringi zao zinaweza kuagizwa tukazitumia kwenye koni?

Mwanasheria_Mtaani

Ndugu, ringi haina kosa, ila tusichanganye mambo. Silaha na risasi hapa kwetu zina sheria yake ya mwaka 2015, na kutengeneza risasi bila kibali ni jinai. Huko wana taratibu zao.

Fundi_Mtama

Ahsante Mwanasheria. Sisi shida yetu ni mafuta.

Lakini Mpenda_Vyuma ametuletea kitu cha maana, kwa sababu mzigo ni uleule: chuma kiko kwenye thredi, kinasukumwa kutoka nje, na kipimo kikihama hata robo ya milimita kazi imeharibika. Tuchukue mawili kutoka kwao.

La kwanza ni onyo. Vyuma vyao vingi vina thredi ya inchi 7/8 yenye thredi 14 kwa inchi. Kipenyo hicho ni milimita 22.2, mtu ataona ni M22. Siyo. Thredi 14 kwa inchi ni milimita 1.81 kutoka thredi hadi thredi, na M22 inakuja na 2.5, 2 au 1.5. Ringi itaingia mzunguko mmoja au miwili kisha itagoma, na ukilazimisha umeua vyote viwili. Kwa hiyo jibu ni hapana, usiagize. Na onyo hilihili lihusu mashine za zamani zenye thredi za inchi zilizopo huku kwetu. Inchi moja ya thredi nene ni thredi 8 kwa inchi, usiifananishe na M24 wala M27 kwa macho.

La pili ndilo kubwa zaidi. Wao hawakazi ringi chuma kikiwa huru. Wanapandisha kinu kwanza kisukume chuma kuelekea juu, halafu ndipo wanakaza. Sisi tufanye hivyohivyo. Sababu ni hii: kati ya thredi ya shingo na thredi ya fremu kuna uwazi mdogo, ndiyo maana vinazunguka. Koni ikiwa tupu inaweza kukaa upande wowote wa uwazi huo. Unapima vizuri, unakaza ringi, ringi inaivuta shingo nje mpaka uwazi wote unaisha. Kipimo kimehama na wewe ndiye uliyekihamisha kwa spana yako mwenyewe. Lakini kama koni ilikuwa tayari imesukumwa nje na mashudu, ringi inapokazwa haina pa kuivuta. Inafunga palepale ilipo.

DadaNachingwea

Sasa kaka, nikaze mashine ikiwa inazunguka?

Fundi_Mtama

Hapana dada, kamwe. Mikono na kitenge mbali na mlango wakati inazunguka.

Fanya hivi. Kamua kidogo mpaka mashudu yatoke kwa unene unaoutaka. Ringi iwe imekaribia fremu lakini hujaikaza. Zima mota, chomoa au shusha swichi kuu, subiri isimame kabisa. Mlango bado umejaa, mashudu bado yanaisukuma koni nje. Shusha ringi kwa mkono hadi iguse fremu, shikilia koni kwa spana moja, kaza ringi kwa spana ya pili, halafu mwisho bana ile bolti ya mpasuko. Usikawie, maana mashudu yakipoa ndani yanaganda na kuwasha itakuwa taabu. Ukishafunga, washa, toa mashudu ya gunia lako, pima tena unene. Kama mashine ni tupu kabisa, mtu wa pili aisukume koni nje kwa gongo la mti wakati wewe unakaza.

Na kabla ya yote hayo futa uso wa fremu. Kipande cha shudu kikibaki chini ya ringi upande mmoja, ringi inalala mshazari, baada ya saa moja kinapondeka na ringi imeshalegea. Hili nimelikuta kwenye mashine ambazo wenyewe walikuwa tayari wanatafuta ringi mpya.

Kijana_Kerezo

Fundi, mimi nina kerezo (mashine ya kuchongea vyuma) hapa Mtwara Mjini, naweza kuchonga hizo za kupasuliwa. Nipe mwongozo, hasa uso ukae sawa na thredi.

Fundi_Mtama

Umeuliza swali la fundi. Siri iko hapo: uso wa ringi na thredi vichongwe kwenye kufungwa kumoja. Ukifunga chuma kwenye chaki (taya za kerezo zinazoshika chuma), sawazisha uso, toboa, kata thredi, usikifungue katikati ya kazi. Ukikigeuza ndipo ukasawazishe uso, umeshapoteza. Weka alama ya chapa upande huo ili mteja ajue ndio unaoelekea fremu.

Kwa shingo ya M30 anza na chuma cha duara cha milimita 60, upana wa ringi milimita 15 hivi. Tundu la bolti ya M6 litoboe kabla ya kupasua: pitisha bitsi (chuma cha kutobolea) ya milimita 5 moja kwa moja, upande wa mbali ukate thredi ya M6, upande wa karibu upanue kwa bitsi ya milimita 6.5 bolti ipite huru. Hapo ndipo upasue kwa msumeno. Upande wa pili wa mpasuko, kwa ndani, piga mfereji usiofika nje, ringi ifunge kwa urahisi bila kupinda. Usisahau nyuso mbili za kushika spana. Ringi ya duara yenye mistari ya kushikia vidole haifai kwenye kazi hii, mikono ina mafuta muda wote. Bolti iwe ya daraja la nguvu 8.8, zile laini zinazouzwa kwa kilo kichwa cha alenki kinaliwa.

MzeeSpana_Masasi

Kwa asiye na fundi kerezo karibu: kwenye maduka ya beringi zipo nati za mhimili zenye mikato pembeni, zinakazwa kwa spana ya ndoano. KM6 ni M30 kwa 1.5, yaani kipenyo milimita 30 na milimita 1.5 kutoka thredi hadi thredi; KM5 ni M25 kwa 1.5. Zina washa yenye ndimi, unakunja ulimi mmoja kwenye mkato, haizunguki tena. Shida ni washa inataka shingo iwe na mfereji.

Fundi_Mtama

Sahihi mzee. Shingo ikiwa na mfereji na thredi ikiwa ya 1.5, hiyo ni njia safi kabisa. Ila kipimo unakipata kwa hatua, kutoka mkato hadi mkato, hukipati popote unapotaka.

Pwani_Kilwa

Na gundi ya thredi?

Fundi_Mtama

Kwenye mlango wa chakula sitaki. Na ringi hii inafunguliwa kila mara, gundi itakuwa kazi bure.

DadaNachingwea

Nimepima kwa rula. Shingo kwa nje ni kama milimita 30 kasoro kidogo. Thredi nimehesabu kumi, zimechukua milimita 20 kamili. Kijana_Kerezo unaweza kutuchongea?

Kijana_Kerezo

Kumi kwa milimita 20 ni 2 kila moja, kwa hiyo ni M30 kwa 2. Kasoro kidogo kwa nje ni kawaida, thredi haifiki 30 kamili. Naweza dada.

Fundi_Mtama

Dada, usimpe rula peke yake. Mtumie ile nati ya nailoni mliyonayo kama inaingia vizuri bila kugoma, yeye aijaribishe kwenye bolti ya M30 kwa 2, na bolti hiyohiyo aijaribishe kwenye ringi yake kabla hajapasua. Na kijana, ukishaikamilisha iweke juu ya kipande cha kioo, upitishe fila geji (bapa jembamba la kupimia uwazi) ya milimita 0.05 kuzunguka. Ikipita popote, rudisha kwenye chaki.

Kijana_Kerezo

Sawa fundi. Nati ikifika kwa basi la Masasi naanza.